Mkasi Umwachie Nani? Maswali Yenu Kuhusu Kurithisha Biashara ya Nguo

Barua zenu nyingi mwezi huu zina kilio kimoja: aliyeanzisha biashara ya nguo amezeeka, amechoka au ametangulia mbele ya haki, na anayebaki hajui aanzie wapi. Nimechagua sita. Majina nimeyaacha, kwa sababu mengi ni mambo ya ndani ya familia.

Nina ofisi ya ushonaji Tabata, nashona sare za shule na nguo za harusi. Umri umeenda. Mwanangu mkubwa ni mhasibu, hajui hata kutia uzi kwenye cherehani. Fundi wangu mkuu niko naye mwaka wa kumi na nne. Ndugu wananiambia damu ni nzito kuliko maji. Nimwachie nani? (Mama wa Tabata)

Shikamoo mama. Ndugu zako wanachanganya mambo mawili: nani mwenye mali, na nani anaiendesha. Mali ni ya watoto wako, hilo halina mjadala. Kuendesha ni kazi, na kazi apewe anayeiweza.

Waliofanikiwa duniani wamelitenganisha hilo bila kuoneana aibu. Amancio Ortega alifungua duka la kwanza la Zara mjini La Coruña, Hispania, mwaka 1975. Mwaka 2022 binti yake Marta alishika uenyekiti wa kampuni mama, Inditex, lakini mtendaji mkuu ni Óscar García Maceiras, ambaye si mtoto wa nyumba ile. Na Marta mwenyewe hakupelekwa moja kwa moja kwenye kiti, alianza kwa kuhudumia wateja kwenye duka mojawapo la kampuni hiyo jijini London. Rudi nyuma zaidi, kwa Levi Strauss wa zile jinzi. Hakuwa na mtoto. Alipofariki mwaka 1902 biashara ilikwenda kwa wapwa zake wanne wa ukoo wa Stern, na hao walikuwa tayari wamo ndani ya kazi, hawakuitwa msibani.

Sasa utazame upande wa pili. Mwaka 2020 Nike ilimkabidhi uongozi John Donahoe, mtu mwenye sifa kubwa, ila sifa hizo alizipata kwenye kampuni za teknolojia. Chini yake Nike ilizidi kujiuzia yenyewe mtandaoni na kwenye maduka yake, ikawapunguza wenye maduka wengine waliokuwa wakichukua mzigo wake. Ni sawa na mwenye stoo Kariakoo awaambie wateja wake wa jumla wa Mbeya na Mwanza kwamba hawahitaji tena. Wenye maduka hawakuacha rafu tupu, wakaweka viatu vya washindani wake, On na Hoka. Oktoba 2024 Nike ikamrudisha Elliott Hill, aliyeingia hapo mwaka 1988 kama mwanafunzi wa mafunzo kazini na alikuwa ameshastaafu. Wakamtoa kwenye kustaafu kwa sababu alikuwa akiwajua wenye maduka.

Mama, chukua daftari la vipimo la fundi wako ulisome taratibu. Utaona kifua, kiuno, nyonga, urefu. Halafu tazama pembezoni mwa ukurasa, pale anapoandika kwa kalamu: huyu bega la kushoto limeshuka, shule hii sketi ziachiwe pindo la inchi tatu, mzazi ataishusha mwakani. Mzazi wa Segerea aliyekuletea watoto wanne mmoja baada ya mwingine hakufuata jina lililoandikwa ubaoni. Alifuata lile pindo, kwa sababu lilimwokolea pesa ya sketi mpya. Mwanao hana habari na pindo hilo, na si kosa lake.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu, na nausimamia. Sajili kampuni BRELA (Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni) ungali na nguvu zako, hisa uwagawie watoto. Fundi awe meneja kwa mkataba wa maandishi, wenye mshahara na fungu la faida la kila mwaka, na kama moyo unakuruhusu mpe hisa kidogo. Mhasibu wako ashike vitabu, maana hapo ndipo ujuzi wake utakapowasaidia wote wawili: mafundi hodari wengi wanaanguka kwa kutojua gharama halisi ya shati moja. Kisha uite mafundi wote uwaambie mbele ya mwanao, na uwatembelee walimu wakuu wanaokupa tenda ya sare ukiwa na fundi ubavuni. Usipofanya hivyo najua kitakachotokea, nimekiona mara nyingi mno jijini hapa na kinaniuma kila mara: fundi anakodi fremu ng'ambo ya barabara, daftari lake kwapani, na baada ya muhula mmoja nusu ya wateja wamemfuata.

Nimepewa kuongoza kampuni ya fulana na kofia za matangazo, mzee aliyekuwepo kastaafu. Nataka nibadilishe nembo, rangi na kila kitu ili watu wajue kuna uongozi mpya. Unasemaje? (Kaka wa Temeke)

Acha nembo ilivyo. Mteja hana haja ya kujua kuna uongozi mpya, ana haja ya oda yake kufika Ijumaa uliyomwahidi.

Oktoba 2010 Gap, kampuni ya nguo ya Marekani, iliamka na nembo mpya, ikaachana na ile ya kisanduku cha bluu watu waliyoizoea kwa miaka. Wateja walikasirika kiasi kwamba ndani ya wiki moja nembo ya zamani ikarudishwa. Hapa kwetu una mfano bora zaidi, na huenda upo kabatini kwa mama yako. Chukua kanga ya Mombasa ya kampuni ya K.H.E., usogeze macho kwenye pindo, utasoma "Mali ya Abdulla". Maua ya mji, yaani katikati ya kanga, hubadilika, misemo yake hubadilika kila toleo, wenye biashara wamepokezana kizazi kwa kizazi, na maneno hayo yako palepale. Mnunuzi wa kanga Mtaa wa Kitumbini, Dar es Salaam, anayatafuta kwanza kabla hajapapasa kitambaa.

Kama una hamu ya kuacha alama yako, anza na kola inayolegea baada ya kufuliwa mara tatu, au chapisho la kifuani linalobanduka. Hizo ndizo zitakazokutambulisha.

Nguo zangu za vitenge zinauzwa kwa jina langu mwenyewe, na ukurasa wangu wa Instagram una wafuasi wengi. Kuna mtu anataka kununua sehemu kubwa ya biashara. Niuze na jina? (Dada wa Mikocheni)

Mdogo wangu, hapa nakuomba utulie kabla ya kusaini chochote.

Halston alikuwa mbunifu mkubwa wa Marekani. Mwaka 1973 aliuza biashara pamoja na jina lake kwa kampuni ya Norton Simon. Miaka ya mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Baadaye kampuni ikaendelea kuuzwa kutoka mkono hadi mkono, yeye akatolewa, na alipofariki mwaka 1990 hakuwa na haki ya kuuza hata gauni moja lenye jina aliloitwa maisha yake yote. Kate Spade, mbunifu wa mikoba wa Marekani, naye alimaliza kuuza hisa zake mwaka 2006. Aliporudi kwenye kazi miaka kadhaa baadaye ilimlazimu kuanza na chapa nyingine, Frances Valentine, kwa sababu "Kate Spade" ilikuwa mali ya watu wengine.

Sikukatazi kuuza. Mtaji unahitajika, na kodi ya fremu haingoji. Lakini mkataba useme waziwazi jina lako litatumika kwenye bidhaa gani, nani ana sauti ya kukataa nguo mbovu isitoke na jina hilo, na ukiondoka kesho unaruhusiwa kujitambulishaje. Ukurasa wa Instagram na namba ya simu ya oda navyo viandikwe ni vya nani. Watu husahau namba ya simu, na ndiyo yenye wateja wote. Njia salama zaidi ni kuanzisha chapa ya pili sasa, yenye jina ambalo si lako, ukaizoesha kwa wateja mwaka mmoja au miwili, halafu ukamuuzia hiyo. Bei itakuwa ndogo, nakubali. Ningekuwa wewe ningeichukua hiyo bei ndogo.

Baba alifariki mwaka jana. Aliacha duka la nguo za kiume Mtaa wa Kongo lenye jina kubwa. Mimi na kaka yangu hatuelewani, na sasa kaka anataka kufungua duka lake Zanzibar kwa jina lilelile. Ana haki? (Kijana wa Kariakoo)

Pole sana kwa msiba, na pole kwa mgogoro.

Kabla ya nani ana haki, je, mirathi imefunguliwa? Kama mahakama haijateua msimamizi wa mirathi, si wewe wala kaka yako mwenye mamlaka ya kugawa chochote, na jina la duka ni sehemu ya mali ya marehemu kama zilivyo suruali zilizo ndani.

Pili, chunguza baba alisajili nini. Wafanyabiashara wengi wana cheti cha jina la biashara kutoka BRELA wakadhani wamemaliza. Cheti hicho hakifanyi kazi ya alama ya biashara, ile inayolinda jina kwenye bidhaa, ambayo husajiliwa kivyake, na nguo ziko daraja la 25 katika orodha ya bidhaa. Kwa Tanzania Bara usajili huo hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Na Zanzibar ina sheria na msajili wake. Alama iliyosajiliwa Bara pekee haikulindi kule. Kwa hiyo kaka yako, kwa kujua au kwa bahati, amegusa mahali palipo wazi.

Ila kushinda kesi si lazima kukuokolee duka. Familia ya Gucci ya Italia, wenye chapa ya mikoba na nguo, iliburuzana mahakamani miaka na miaka. Paolo, mjukuu wa mwanzilishi Guccio, alitaka kuuza bidhaa zake kwa jina lake. Mwaka 1988 mahakama ya Marekani ikamzuia kulitumia kama alama ya bidhaa, ikamwachia tu kujitaja kuwa ndiye mbunifu. Ndugu wakashinda. Miaka mitano baadaye, 1993, Maurizio Gucci, mjukuu mwingine, akauza hisa za mwisho za familia, na tangu hapo hakuna Gucci anayemiliki Gucci.

Ndugu wawili wa Ujerumani, Adolf na Rudolf Dassler, walikuwa na kiwanda kimoja cha viatu katika mji wa Herzogenaurach. Walipogombana waligawana mwaka 1948: mashine, majengo na wafanyakazi. Jina la zamani hakulichukua yeyote. Adolf akaanzisha Adidas, Rudolf akaanzisha Puma. Hawakupatana, na sitaki uige uadui wao, lakini kila mmoja alijenga jina lake, hakung'ang'ania la zamani. Mwite kaka yako, kaeni na mjomba au shangazi mnayemheshimu wote, jina la baba libaki kwa mmoja, na mwingine alipwe fidia aanze na lake. Na yeyote atakayebaki nalo alisajili kotekote, Bara na Zanzibar.

Je, Urafiki ilikufa kwa kukosa warithi wazuri? (Msomaji wa Ubungo)

Hapana. Urafiki, kile kiwanda cha nguo cha Ubungo, kilianza mwaka 1968 kikiwa cha umma, kwa msaada wa China, na katika miaka ya 1990 kikawa cha ubia, China ikiwa na asilimia 51 na Tanzania 49. Kilibanwa na mashine zilizochakaa, umeme, na vitambaa vya bei rahisi kutoka nje. Kubadilisha mkurugenzi peke yake kusingelitibu hilo. Swali lako ni kubwa, nitalirudia siku nyingine kwa nafasi yake.

Nilimkabidhi binti yangu duka la kanzu na suti Magomeni miaka miwili iliyopita. Bado naenda kila siku kwa sababu wateja wananiuliza mimi. Binti analalamika. Nakosea? (Mzee wa Magomeni)

Shikamoo mzee wangu. Umefanya jambo ambalo wazee wengi wa rika lako wameogopa kulifanya, na kumkabidhi binti ungali hai ni heshima kubwa kwake. Lakini ndiyo, malalamiko yake ni ya haki.

Hata matajiri wakubwa linawashinda. Tadashi Yanai, Mjapani aliyelikuza duka la nguo la baba yake likawa kampuni ya Uniqlo, alimkabidhi urais wa kampuni Genichi Tamatsuka mwaka 2002, akaurudisha mikononi mwake mwaka 2005. Ralph Lauren, mbunifu wa Marekani, alimwachia kiti cha utendaji Stefan Larsson mwaka 2015, yeye akabaki na usemi juu ya ubunifu. Mwaka 2017 wakaachana kwa kutokubaliana. Mrithi anapokuwa na cheo na mwanzilishi akabaki na sauti, mafundi hujifunza haraka kupeleka jambo kwa mwenye sauti, na wateja hufuata mafundi.

Sisemi ukae nyumbani uugue upweke. Chagua siku mbili za wiki, zitangazwe, na kazi yako iwe moja inayojulikana: kwa mfano kukagua kola na vifungo vya kanzu kabla hazijapigwa pasi, maana jicho lako bado linahitajika hapo. Akija mteja wa zamani akitaka umpime wewe, mwite binti, mpe futi mbele ya mteja, nawe shika kalamu uandike vipimo anavyovisoma. Na yale mapunguzo unayowapa wazee wenzako kimyakimya, mwachie yeye aamue, kwa kuwa hesabu ya mwisho wa mwezi anaifunga yeye.