Fundi Nijibu: Oveni inaunguza keki hata nikipunguza moto

SWALI: Habari za kazi fundi. Mimi napika keki za oda huku Tabata, oveni yangu ni ya umeme, ipo chini ya jiko la pleti nne. Tangu mwezi uliopita nikiweka 180 keki inaungua juu na kati bado uji, nikishusha mpaka 120 ni yale yale tu. Fundi wa mtaani kaniambia hita imezidi nguvu ninunue mpya. Ni kweli? Na naweza kuendelea kuitumia?

JIBU: Pole dada, na hiyo hela ya hita kaa nayo kwanza. Hita haizidi nguvu kwa kuzeeka, ikichoka inakatika au inapiga shoti, basi. Anayeiamrisha iwake na izime ni themostati, na hiyo ndo naishuku mimi.

Iwashe oveni tupu, weka 150, uangalie kile kitaa chake. Kikizima baada ya muda halafu kikawaka tena, themostati inakata ila inachelewa, hapo tafuta kipimajoto cha oveni ukitundike katikati uone inafika ngapi, ikicheza nyuzi 15 hivi juu au chini ni kawaida. Kikigoma kuzima kabisa, au umerudisha zero na bado kinawaka, huenda pointi za ndani ya themostati, vile vyuma vinavyogusana kupitisha umeme, zimegandana, zima ukutani hapohapo.

Sasa kabla hujanunua kitu, zima meni swichi, acha ipoe, halafu chungulia ndani kule nyuma kwa juu, utaona kijiti cha chuma chembamba kama kalamu kina kimrija kinachoenda mpaka kwenye swichi ya kuzungusha. Humo kuna mafuta, yakipata joto yanatanuka yanasukuma pointi ziachane. Watu wakisugua oveni kwa nguvu kijiti kinachomoka kwenye vishikizo, kinasukumwa kwenye tundu mpaka nyuma ya ukuta ambako hakuna joto la maana, themostati inajua oveni bado baridi inaendelea kuchoma tu. Kikiwa hivyo kirudishe mahali pake, umemaliza bila kutoa hata mia. Ila kimrija kikiwa kimekatika mafuta yameshamwagika, hakuna cha kuunga, nunua themostati nyingine. Nenda dukani na ile ya zamani mkononi, ulinganishe urefu wa mrija, namba ya juu kabisa ya joto, ampea na idadi ya miguu ya kuunganishia nyaya, na wakati wa kufunga fundi asiukunje mrija kona kali. Akikuletea ya friji mfukuze, nimeziona hizo!

Halafu kama umetandika foili kwenye sakafu ya oveni itoe, inaharibu mzunguko wa joto, japo ya kwako naona sio hiyo.

Kuitumia hapana, maana kama 120 na 180 ni moto uleule ujue haijizuii tena. Oda za wikiendi hii pika kwa sufuria, mkaa mwingi juu ya mfuniko na kidogo sana chini.