Mvinyo wa dhifa ya mabalozi: bei au chakula?

Swali: Mimi ni msimamizi wa karamu katika hoteli moja hapa Gigiri. Tumepewa dhifa ya wageni 60. Mwenyeji ni waziri wetu, mgeni wa heshima anatoka Ufaransa. Wataanza na samaki wa kupaka, kisha mbuzi wa kuchoma kwa kachumbari. Bosi wangu anataka mvinyo mwekundu wa Bordeaux, ule wa bei kali. Baadhi ya wageni ni Waislamu. Nichague nini, na chupa ngapi?

Jibu: Dada yangu, bosi wako ana nia njema, ila kumwekea Mfaransa Bordeaux ni sawa na kumkaribisha mtu wa Lamu kwa halua. Ataila, lakini atakuwa akiilinganisha na ya kwao.

Tazama wanavyofanya wengine. Ikulu ya Marekani imeshika desturi ya kuwapa wageni mvinyo wa Marekani tangu enzi za Rais Lyndon Johnson. Hata ugenini hawakuiacha: Februari 1972, Rais Nixon alipokuwa Beijing na Waziri Mkuu wa China, Zhou Enlai, glasi zilizoinuliwa zilikuwa za Schramsberg, mvinyo wa mapovu wa California. Na Aprili 2018, Rais Macron wa Ufaransa alipoandaliwa dhifa Washington, mezani palikuwa na mvinyo mwekundu wa zabibu za Pinot Noir kutoka Domaine Drouhin. Zabibu ni za Oregon, Marekani, lakini shamba ni la familia ya watengeneza mvinyo wa Burgundy, Ufaransa. Mimi sijaona adabu nzuri kuliko hiyo. Mwenyeji ametoa cha kwake, na mgeni amekumbukwa.

Kwa hiyo anza na chetu. Onja Leleshwa wa Naivasha, na ukipata mvinyo mzuri wa Dodoma, onja pia. Usipotosheka, nenda Afrika Kusini. Pinotage, aina ya zabibu za mvinyo mwekundu, ilizalishwa huko mwaka 1925 na Abraham Perold kwa kuchavusha Pinot Noir na Cinsaut, zabibu mbili za Kifaransa. Hapo mgeni wako ana la kuzungumza na waziri.

Sasa chakula, na hapa ndipo dhifa nyingi za Nairobi huharibika. Mvinyo mwekundu wenye ukakasi mwingi ukikutana na pilipili, kinywa huwaka. Kilevi kikiwa kingi, moto huzidi. Samaki wa kupaka ana nazi, ndimu na viungo, basi mpe mvinyo mweupe wenye uchachu mzuri na utamu kidogo. Chenin Blanc ya Afrika Kusini inafaa sana. Mbuzi atapatana na mwekundu wa wastani usio na ukakasi mkali. Adui yako ni kachumbari. Siki na ndimu nyingi huufanya mwekundu uonekane umepooza, kwa hiyo mwombe mpishi apunguze ndimu na pilipili, au aiweke kando kwenye bakuli.

Hesabu si ngumu. Chupa ya mililita 750 hutoa glasi sita za mililita 125. Mweupe, kadiria glasi moja na nusu kwa kila mgeni: glasi 90, chupa 15. Mwekundu, glasi mbili kila mmoja: glasi 120, chupa 20. Wa mapovu wa kunyanyulia glasi, mililita 100 zinatosha, kwa hiyo chupa nane. Ongeza mbili tatu za akiba kwa kila aina. Wasiokunywa watakupunguzia, lakini usiwatoe kwenye hesabu mpaka uwe na orodha.

Akiba ina sababu. Miaka ya nyuma nilimimina mwekundu kwenye meza kuu bila kuuonja, nao ulikuwa umeharibiwa na kizibo, unanuka kama katoni iliyolowa. Mgeni hakusema neno. Alisogeza glasi tu. Bado naumia nikikumbuka. Tangu siku hiyo kila chupa hufunguliwa na kuonjwa kando kabla ya kufika ukumbini.

Jihadhari pia na usemi kwamba mwekundu hunywewa kwa joto la chumba. Vyumba vilivyokusudiwa ni vya Ulaya ya zamani, vya baridi. Hema la Nairobi mwezi Februari ni jambo jingine. Weka mwekundu kwenye maji ya barafu dakika 15, uufikishe nyuzi 16 hadi 18. Mweupe uwe 8 hadi 12, wa mapovu 6 hadi 8.

Kuhusu wageni Waislamu, lichukulie kwa uzito. Januari 2016, Rais Rouhani wa Iran alizuru Paris bila kuandaliwa mlo rasmi wa pamoja, kwa kuwa Wairani hawakutaka mvinyo mezani na Wafaransa hawakukubali kuuondoa. Kwa hiyo waulize maafisa wa itifaki mapema kama kuna mgeni asiyependa hata kuuona. Kama hakuna, asiyekunywa apewe glasi ileile ya wenzake, imejazwa juisi ya karakara au ukwaju iliyochujwa vizuri na kupozwa. Mhudumu aimimine kabla ya hotuba kuanza, bila kumuuliza mbele ya watu. Glasi zikiinuliwa, na yake iwe imejaa.