Kichwa gani uweke kwenye bunduki ya kizamani? Pima mtutu kwanza

Haya ndugu zangu mnaoanza kujaza risasi wenyewe, kwanza tukubaliane maneno maana Kiswahili chetu hapa kinachanganya kidogo. Risasi ni yale madini mazito ya kijivu, risasi ni kile kinachoruka, na risasi ni ile nzima unayoisukumia chemba. Mi nikisema kichwa namaanisha kinachoruka tu. Ganda ni lile la njano unaloliokota chini, fataki, kile kiwashio kidogo, inakaa matakoni kwake, baruti ndani. Basi.

Naishi Wisconsin, Marekani, huku kujaza risasi nyumbani ni hobi halali kabisa, watu wanafanyia gereji au chini ya nyumba. Walioko Bongo na Kenya msiguse hii kitu kabla ya kujua sheria inasemaje. Bunduki yangu ni Lee-Enfield ya .303 (namba hizi zote ni upana kwa inchi), zile zile walizobeba wazee wetu wa KAR, jeshi la Waingereza enzi za ukoloni huko Afrika Mashariki, nimeuziwa na mzee jirani yangu ambaye alishaikata mbao za mbele ili iwe nyepesi ya kuwindia. Mtutu wenyewe umri wake unamzidi baba yangu.

Sasa kosa langu la kwanza, na ndo sababu naandika. Kila mtu alinambia bunduki ya zamani usiamini namba iliyochapwa kwenye boksi, pima mtutu wako. Nikasema sawa. Unachukua kipande cha risasi laini, ile ya kuvulia samaki inatosha, unapaka mafuta mtutu, unakisukuma taratibu kwa fimbo toka upande mmoja mpaka kitoke upande wa pili. Kikitoka kimechorwa, maana ndani ya mtutu kuna mifereji na matuta kama shamba la viazi, kwenye mfereji kinaota tuta na kwenye tuta kinachimbika. Nikapima upana na vernia, kile kipimio cha taya mbili, nikazungusha, nikapima tena: inchi .309. Nikafurahi sana aisee, nikajiambia kumbe huu mtutu umebana, naweza kutumia vichwa vya .308 ambavyo vimejaa kila duka na bei rahisi. Nikanunua boksi la 100, vyembamba mbele, mkia umechongwa kama wa boti, vizuri kwa macho.

Uwanjani kwenye shabaha ya yadi 100 nilitawanya kama mtu anayepanda mtama, na mbaya zaidi matundu mawili hayakuwa ya duara, yalikuwa marefu kama tundu la funguo. Yaani kichwa kilifika kwenye karatasi kimelala ubavu!

Fundi bunduki mmoja akachukua kile kipande changu akakitazama tu akacheka, akaniuliza mifereji mingapi. Nikahesabu, mitano. Hapo ndo shida ilipo. Mifereji ikiwa shufwa, minne au sita, mfereji unatazamana na mfereji, vernia inasoma sawa. Ikiwa mitano kila mfereji unatazamana na tuta, kwahiyo hata uzungushe mpaka kesho hupimi upana wa mifereji, unapima mfereji upande mmoja na tuta upande mwingine. Yeye alizungushia kijiutepe chembamba cha shaba, akakibana sawasawa, akapima juu yake kwa maikromita, akatoa unene wa utepe mara mbili. .314! Tofauti ya .005 kwa macho huioni lakini kichwa cha .308 humo ndani kilikuwa kinaogelea tu.

Na usishangae .303 kuwa na .314. Hilo jina la .303 ni upana wa juu ya matuta, kichwa chake cha kawaida ni .311 au .312. Halafu nyingi zilipigwa miaka na miaka kwa baruti ya cordite ambayo inawaka kwa joto kali inakula koo la mtutu, pale mifereji inapoanzia, na nyingine zilitoka kiwandani wakati wa vita zikiwa na upana wa kubahatisha.

Kwahiyo nikahamia .312, na hapa sikiliza umbo la mkia. Mkia wa boti ni mzuri kwa mtutu mpya na masafa marefu. Kwenye mtutu uliochoka chukua kichwa chenye mkia bapa, kwasababu moto wa baruti ukikisukuma matakoni yale madini ya risasi ya ndani yake yanatanuka yanaziba mfereji, wakati mkia wa boti gesi inapita pembeni inakwenda zake. Uzito nilichukua greni 174, kama gramu 11, sio uchawi, tangu 1910 jeshi la Uingereza lilitumia uzito huo kwenye .303 na saiti za bunduki kama yangu zilikatwa kufuata huo. Kabla ya hapo walikuwa na greni 215 pua ya duara, na mtutu wa msokoto mmoja kila inchi 10, yaani mifereji inazunguka mara moja kila inchi 10, unaishika hiyo bila shida. Mtawanyiko uliokuwa sahani ya wali ukawa kikombe cha chai, bunduki ile ile macho yale yale.

Kitu kingine vijana mnapenda vichwa vya kisasa vigumu vilivyotengenezwa kwa ajili ya magnum, zile risasi za kasi kubwa. Kichwa kinafunguka kutokana na kasi, na .303 ya greni 174 inatoka na kama futi 2,440 kwa sekunde, ikifika kwa mnyama imeshapungua. Kichwa kigumu mno kinapita kama sindano, kulungu anakimbia anaenda kufia kwa jirani. Ilinitokea msimu wangu wa pili, tulifuata damu na tochi mpaka saa nne usiku, sitaki tena. Chukua ncha laini ya kawaida. Zile za kijeshi zilizofunikwa shaba mpaka puani majimbo mengi hayaziruhusu kabisa kwa kulungu. Najua mtaniletea Bell, yule mwindaji Mskoti wa zamani wa Karamoja aliyeangusha tembo wengi na .275 kwa vichwa vigumu, lakini Bell alikuwa anatafuta ubongo nyuma ya mfupa, we unatafuta mapafu ya mnyama wa kilo 70.

Baruti siandiki vipimo hapa, nenda na kitabu cha kampuni ya kichwa unachotumia, anza kipimo cha chini kabisa. Ukibadilisha kichwa, hata uzito ukiwa ule ule, unarudi chini unaanza upya, presha haifuati uzito peke yake. Na kama bunduki yako ni Mauser ya 8mm, simama hapo hapo: za zamani kabisa ni .318, za baada ya 1905 ni .323, ukilazimisha kubwa kwenye ndogo unacheza na uso wako. Hiyo mpe fundi apime.

Vile vichwa vya .308 vilibaki 61. Rafiki yangu ana Winchester 94 ya .30-30, upana ni .308 kweli, akaja na mfuko kuvichukua, nikamnyima akanuna. Bunduki yake inapanga risasi kwenye bomba, moja nyuma ya nyingine, ncha kali inagusa fataki ya iliyo mbele, bunduki ikirudi kwa nguvu moja inaweza kulipuka humo humo mkononi. Ye anataka pua bapa. Boksi bado liko kwenye shelfu, mwenye .308 ya bolti, isiyopanga risasi kwenye bomba, aje na soda.