Mawese, samaki wa sambaza na umri mrefu: majibu kwa wasomaji wa Bukavu

Barua za juma hili karibu zote zinauliza mafuta ya kula. Naanza na swali lililorudiwa zaidi.

Dada, bibi yangu alikula mawese maisha yake yote, akafikisha miaka 91. Mbona mnasema mawese yanaua? (Mama wa Kadutu)

Mama, mimi sisemi yanaua. Karibu nusu ya mawese ni mafuta ya aina inayoganda, na hayo yakizidi hupandisha kolesteroli mbaya, ile inayoziba mishipa polepole. Lakini tuangalie bibi alivyokula. Mama yangu mzazi alipima mawese ya sombe (majani ya muhogo) kwa kifuniko cha chupa: viwili kwa sufuria ya watu wanane. Kisha alipanda mlima na mzigo mgongoni. Siku hizi naona sombe inaogelea, na mlaji ameshinda kwenye kiti. Tena mawese mekundu yana kitu ambacho mwili hukigeuza vitamini A, na macho ya watoto yanakihitaji sana. Ukiyachoma mpaka yawe meupe, umekipoteza. Tia kidogo, yangali mekundu.

Kuna ushahidi gani kwamba aina ya mafuta inagusa urefu wa maisha? (Mwalimu, Bagira)

Papa, mwaka 2016 watafiti wa Harvard, Marekani, walitoa matokeo ya watu 126,233 waliofuatiliwa hadi miaka 32. Wakati huo walifariki 33,304. Pale ambapo asilimia 5 ya nishati ya chakula ilitoka kwenye mafuta laini, kama ya soya, alizeti na samaki, badala ya yanayoganda, hatari ya kufa ilikuwa chini kwa asilimia 27. Huo ni ufuatiliaji, hauthibitishi kila kitu, na watu wenyewe walikuwa wauguzi na watumishi wa afya wa huko, si wavuvi wa Kivu. Hata hivyo neno ninaloomba ulishike ni "badala ya". Avoka ukiiongeza juu ya nyama ileile ya mafuta, umeongeza tu. Na ukiacha mafuta halafu ukajaza mkate mweupe na sukari, moyo haupati faida.

Mafuta ya maandazi nayarudia siku tatu. Ni kosa? (Muuzaji, Nyawera)

Mdogo wangu, najua bei ya bidoni (dumu la mafuta), sikulaumu. Ila mafuta yakichemshwa tena na tena huvunjika na kuzaa vitu vinavyoumiza mishipa. Yakiwa meusi, yakitoa povu au moshi mapema, yamwage. Kabla ya hapo yachuje kila jioni, yafunike, na usiache moto uyaunguze.

Mafuta ya dukani ya rangi ya njano si afadhali kuliko mawese? (Ibanda)

Soma karatasi ya bidoni. Ukiona "palme", ni mawese yaliyosafishwa, na ule wekundu wenye faida haumo tena. Ukiona "hydrogénée" kwenye margarini, iache dukani: mafuta yaliyogandishwa hivyo kiwandani huweza kuwa na mafuta ya trans, ambayo hupandisha kolesteroli mbaya na kushusha nzuri. Shirika la Afya Duniani linataka yasizidi asilimia 1 ya nishati ya siku.

Na sambaza, samaki wetu wadogo wa ziwani? (Nguba)

Kula! Zina mafuta mazuri ya samaki, na mifupa yake ina kalisi, madini ya kujenga mifupa. Lakini ukizizamisha kwenye mafuta ya jana, unakula zaidi mafuta ya jana. Zipike na nyanya na kitunguu, kijiko kimoja cha mafuta kinatosha.