Hondohondo wa baroni na askari wa kifaru: majina ya ndege wetu yametoka wapi?

Mkuu mleta mada, umeuliza kwa nini sisi waongoza wageni wa Arusha na Moshi tunawataja ndege kwa majina ya Wajerumani waliokufa zamani, na kama Wamarekani wameamua kufuta majina ya watu kwenye ndege wao, sisi tunasubiri nini. Mdau mmoja akakujibu kwamba Kiswahili hakina majina ya ndege, basi tushukuru tulichopewa. Mimi naendesha wageni wa ndege, wale wanaosimamisha gari saa nzima kumtazama kiumbe asiyezidi kidole gumba huku simba kalala upande wa pili wa barabara. Hili ni langu, mnivumilie kwa urefu.

Nianze na huyo mdau. Majina yapo. Chozi, yangeyange, mlembe, keremkerem, tumbusi, furukombe: hakuna aliyeyatunga juzi kwenye warsha. Dudumizi halihitaji hata maelezo kwa aliyewahi kumsikia akishusha sauti yake kichakani kabla ya mvua. Wengine humwita tipitipi, nalo limetokana na sauti ileile kwa sikio jingine. Chuoni nilikosoma tulikaririshwa Kiingereza na Kilatini tu, kwa hiyo simshangai kijana anayemjua ndege kwa lugha mbili za mbali na kushindwa kumtajia mama yake.

Kuna jina letu moja ambalo hadi wanasayansi wamelitaja. Yule ndege anayepanda migongoni mwa wanyama na kudonoa kupe, Kiingereza kinamwita mdonoa maksai. Waswahili walimwita askari wa kifaru. Mwaka 2020 Roan Plotz na Wayne Linklater walichapisha utafiti wao juu ya vifaru weusi katika hifadhi ya Hluhluwe-iMfolozi, Afrika Kusini. Mtu alikuwa anamnyemelea kifaru, wanaangalia kama atagunduliwa. Kifaru asiye na ndege hao alimgundua mtu mara 23 tu katika 100. Mwenye nao aligundua kila mara, tena kwa umbali wa wastani wa mita 61. Ndege akipiga kelele, kifaru anageuka kutazama upande upepo unakoelekea, ambako pua yake haimsaidii kunusa. Kwa hiyo aliyebuni jina hilo alikuwa ameliona jambo lenyewe porini, zamani kabla ya kipimo. Askari huyu hana usafi wote, maana hunywa damu na huchokonoa kidonda kisipone, lakini askari wasio na doa tunawajua wangapi? Pale Hifadhi ya Taifa ya Arusha hakuna kifaru siku hizi, basi lindo limehamia kwa twiga na nyati.

Sasa, kabla hatujashangilia kwamba ya kwetu ni safi na ya kwao ni ya kigeni, mtazameni karani tamba. Huyu ndege mrefu wa mbugani anayewinda nyoka kwa miguu, wageni huwa tunawapa hadithi moja: manyoya ya kisogoni yanafanana na kalamu za manyoya ambazo makarani wa zamani walizichomeka nyuma ya sikio. Inapendeza, na mgeni anacheka. Kuna wanaosema neno lilitoka Kiarabu, saqr at-tair, ndege mwindaji, Wafaransa wakalisikia kama "secrétaire". Lakini mwaka 1769 Mholanzi Arnout Vosmaer, aliyemwandika ndege huyu alipopelekwa Uholanzi akiwa hai, alieleza kwamba walowezi wa Rasi ya Tumaini Jema, Afrika Kusini, walimwita "sagittarius", mpiga mishale, kwa mwendo wake, na kwamba huenda wakulima ndio waliolipotosha likawa "secretarius". Mimi naegemea hili la tatu, kwa kuwa limeandikwa na mtu wa wakati huohuo, na jina la kisayansi mpaka leo ni Sagittarius serpentarius. Likiwa kweli, basi karani wetu ni mtoto wa kosa la masikio la Waholanzi, na hizo kalamu zilichomekwa baadaye. Hadithi ya kalamu bado naitoa, ila naitoa pamoja na hizo nyingine.

Hata kwenye asili ya mahali tumedanganyana. Waingereza walimwita bata mzinga "turkey", kwa Uturuki, ilhali alitoka Mexico. Wafaransa wakasema ametoka India. Sisi tukamwita bata, wakati ukoo wake ni wa kuku na kanga. Halafu tuna bata bukini, na Bukini ni jina la zamani la Madagaska, ambako si asili yake.

Kasoro kubwa ya majina yetu iko kwingine: yanabeba mzigo mkubwa mno. Nikisema korongo, naweza kuwa namtaja ndege yeyote kati ya koo tatu. Kwa neno tai, wengine humaanisha mwindaji, wengine mla mizoga, na hapo Ziwa Duluti nimesikia ubishi wa watu wawili ambao wote walikuwa sahihi. Waingereza nao walifanya hivyo. Walowezi walipofika Marekani wakaona ndege mwenye kifua chekundu, wakamwita robin kwa kukumbuka nyumbani, kumbe hana undugu wa karibu na yule wa kwao. Hakuna aliyesema Kiingereza hakina majina.

Turudi kwa Wajerumani wako. Chama cha wataalamu wa ndege cha Marekani, American Ornithological Society, kilitangaza tarehe 1 Novemba 2023 kwamba kitabadilisha majina ya Kiingereza ya ndege walioitwa kwa watu katika eneo lake, kuanzia na spishi 70 hadi 80 za Marekani na Kanada. Moto uliwaka 2020, kwa ndege aliyebeba jina la John McCown, jenerali wa upande uliopigania utumwa. Huyo alibadilishwa mwaka uleule. Majina ya kisayansi hayaguswi, yana sheria zake.

Kwetu, hondohondo mwenye mdomo mwekundu na mweupe unayemwona njia ya Moshi anaitwa Von der Decken's Hornbill. Baroni Karl Klaus von der Decken alijaribu kuupanda Kilimanjaro mwaka 1861 na 1862, hakufika kileleni, akauawa Somalia mwaka 1865. Jina lake halinisaidii kitu ndani ya gari. Halisemi mdomo, halisemi mlio. Likiondoka sitalia. Hata nje ya ndege, minde, yule mnyama jamii ya paa wa msitu wa Kilimanjaro, naye vitabuni ni wa Abbott, daktari wa Marekani, na watu wa mlimani hawajapungukiwa na chochote kwa kutomjua Abbott.

Ila fagio likipita lote napinga. Mfaransa François Levaillant alizunguka Rasi miaka ya 1781 hadi 1784, na kekeo mmoja wa kijani akamwita Klaas, kwa jina la msaidizi wake Mkhoikhoi, yaani mwenyeji wa Rasi. Ndege mwingine mzuri wa msituni akamwita Narina, kwa mwanamke Mkhoikhoi. Wote wawili wapo misitu ya huku. Narina lenyewe halikuwa jina la mama huyo. Levaillant alisema la kwake lilimshinda kutamka, akampa neno lenye maana ya ua. Kwa hiyo hata heshima ilikuja na kiburi ndani yake. Lakini katika vitabu vilivyojaa magavana na mabaroni, tukiwafuta Klaas na Narina kwa kanuni ileile ya Decken, tutakuwa tumefuta Waafrika wachache waliobahatika kuandikwa. Kanuni ya jumla jumla ni uvivu.

La mwisho ni la Engikaret, barabara ya Namanga. Kuna kipozamataza, ndege mdogo wa nyasi fupi, anayeitwa kwa Beesley, mtu aliyefuatilia ndege hapa Arusha miaka ya 1960. Vitabu vingine vinamhesabu spishi kamili, vingine vinamweka chini ya ndugu yake wa kusini mwa Afrika, aliye mbali zaidi ya kilomita 1,000. Jina likisimama peke yake, wageni wanasafiri kuja kumwona na wafugaji wa pale wanapata chochote. Likishushwa, atakuwa mstari mdogo chini ya ukurasa. Hapo ubishi wa majina unaingia mfukoni.

Mkuu, ninachofanya mimi ni kutaja Kiswahili kwanza, kisha jina la kitabuni, ili mgeni ajaze orodha yake. Ninachokosa ni majina ya wenyeji. Wenye Kimeru, Kimaasai na Kichagga, wekeni hapa mnamwitaje hondohondo na dudumizi, na mtaje kijiji, maana la Machame si lazima liwe la Rombo.