Mnatuuliza: Hasira Inashikwa Wapi?

*Barua tatu za toleo hili zimefupishwa. Majibu ni ya washauri wetu wa saikolojia na malezi.*

Mimi ni mama wa watoto wawili, Morogoro. Nafika nyumbani kutoka kazini saa moja usiku. Nikikaa na mwanangu wa darasa la tatu kwenye hesabu, akikosea mara mbili tu nafoka, na mara nyingine namzaba kofi. Akishalala nalia. Nahesabu mpaka kumi lakini wapi.

Dada yetu, kuhesabu hakukusaidii kwa sababu unaanza umechelewa. Maziwa yakishafika ukingoni mwa sufuria, kupunguza moto hakuyazuii kumwagika. Kazi yako ni kujua yanaanza kupanda saa ngapi.

Kwa siku 7 weka daftari dogo kwenye mkoba. Kila unapowaka, andika mistari miwili, isizidi, maana ukijipa kazi kubwa utaiacha siku ya tatu. Andika saa, kilichotangulia, mwili ulifanya nini, na jina la hisia. Huenda ukakuta kosa la hesabu lilikuwa la mwisho kwenye foleni: hukula tangu saa saba mchana, umesimama kwenye daladala safari nzima, na jana ulilala kwa muda wa saa tano tu.

Kwenye jina la hisia usiandike "hasira" kila siku. Kiswahili kimetupa maneno: kukereka, kuudhika, kuhamaki, kufadhaika, kuona uchungu, kudharauliwa, kuvunjika moyo. Pengine chini ya ile hasira kuna hofu, kwamba mtoto atafeli na mwalimu atakuona mama mzembe. Hofu ya namna hiyo inatulizwa kwa kwenda kumwona mwalimu. Uchovu unataka chakula na usingizi. Kofi halitibu hata kimoja. Isitoshe, kutaja hisia kwenyewe kunapoza: mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, waliwaonyesha watu picha za nyuso zenye hasira na hofu huku ubongo wao ukipigwa picha. Walipochagua neno la kutaja hisia ile, amigdala, sehemu ya ubongo inayopiga kengele ya hatari, ilitulia.

Sasa badilisha jioni yenyewe. Kula kitu kabla hujafungua daftari la mtoto, hata ndizi mbili na maji. Kaa dakika 15 bila kazi wala simu. Hesabu ziwe dakika 20, si zaidi, na zile ngumu zisubiri Jumamosi asubuhi.

Kwa ile dakika ya hatari, chagua dalili moja ya mwili uliyoiona kwenye daftari, tuseme taya kukaza, uiunge na tendo moja: "Taya likikaza, naweka kalamu chini na kuinuka." Kisha pumua: vuta kwa pua ukihesabu 4, toa polepole ukihesabu 6, mara 6. Hiyo ni kama dakika moja. Pumzi ya kutoka ndiyo dawa, kwa kuwa moyo hupunguza mwendo wakati huo. Watu wengi wanakosea hapa kwa kuvuta pumzi kubwa za harakaharaka, wakapata kizunguzungu, wakasema zoezi ni la uongo. Wengine wanalikumbuka siku ya ugomvi tu. Lifanye dakika 5 kila asubuhi ukiwa umetulia, kwa wiki mbili, ili mwili uwe unaijua njia.

Ukiwa umeshapanda kabisa, pima mapigo kwa sekunde 15. Ukipata 25 au zaidi, moyo unapiga mara 100 au zaidi kwa dakika, na hapo hakuna somo litakaloingia wala kutoka. Mwambie mtoto, "Mama anakwenda kunawa uso, tutaendelea baadaye," kisha toka kwa dakika 20. Usitoke kimya, ataona umemsusa. Na zile dakika 20 usizitumie kurudia kosa lake kichwani: utarudi umewaka kuliko ulivyotoka.

Siku ukiteleza, mwombe radhi usiku uleule, kwa kutaja kosa: "Nilikupiga. Nilikosea. Hesabu zako hazikustahili kofi." Usiongeze "lakini na wewe..." Na kama unampiga mpaka anapata alama, au unahisi huwezi kujizuia, usisubiri siku 7. Kesho nenda kwa ofisa ustawi wa jamii au kitengo cha afya ya akili hospitalini.

Mimi naishi Mwanza. Bosi akinifokea mbele ya wenzangu nanyamaza na kutabasamu, halafu kichwa kinauma mpaka usiku. Rafiki ananiambia nikapige gunia la mazoezi nikimfikiria bosi. Ni kweli inasaidia?

Hapana, kaka. Jambo hili lilipimwa na mwanasaikolojia Brad Bushman katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa, Marekani, matokeo yakachapishwa mwaka 2002: waliopiga gunia huku wakimfikiria aliyewaudhi walibaki na hasira kuliko waliokaa kimya dakika mbili. Kupiga gunia kama mazoezi ni sawa, mradi umwache bosi nje ya mlango.

Kutabasamu nako hakukusaidii. Majaribio ya mwanasaikolojia James Gross ya miaka ya 1990 yalionyesha kwamba anayeficha hisia usoni haipunguzi ndani, na mwili wake unazidi kufanya kazi. Jaribu kulitazama tukio upya kabla hujaimeza hasira: je, bosi kafoka kwa sababu yako, au kwa sababu na yeye amebanwa na wakubwa wake? Hapo humtetei, unajipunguzia mzigo. Lakini kama ni dharau ya kila wiki, kulitazama tukio upya hakutoshi. Mfuate siku ya pili mkiwa wawili: "Jana uliponifokea mbele ya wenzangu nilijiona nimedharauliwa. Nikikosea naomba uniite pembeni." Sentensi mbili, kisha nyamaza umsikilize.

Wanangu, nalea mjukuu wa miaka mitatu, Kilifi. Akinyimwa kitu anajitupa chini, anapiga kichwa sakafuni. Majirani wanasema namdekeza.

Shikamoo bibi. Umri huo sehemu ya ubongo inayozuia mihemko bado changa mno, na inaendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu. Mtoto hatulii peke yake. Anaazima utulivu wa mtu mzima, kidogokidogo mpaka apate wake. Weka kanga au mto chini ya kichwa, kaa chini karibu naye, sauti iwe ya chini. Sema maneno machache: "Umekasirika. Ulitaka kisu. Kisu hapana." Usimhubirie, hakusikii. Wala usimpe alichonyimwa ili anyamaze, maana hapo ndipo kudekeza kunakoanzia. Akitulia mkumbatie, mpe maji, mrudi kwenye mchezo.

Angalia pia saa. Akijitupa kila siku karibu na chakula cha mchana, mlishe nusu saa mapema. Kama anajiumiza, anashika pumzi mpaka midomo inabadilika rangi, au hajaanza kuunganisha maneno mawili matatu, mpeleke kliniki ya watoto akapimwe, na masikio pia.