Tofauti ya Kuzuia na Kutahadhari: Kwa Wanaoanza Kazi ya Sheria ya Mazingira

Wanagenzi wanaoingia katika ofisi za mawakili hapa Mombasa huja na majina ya kanuni za sheria ya mazingira ya kimataifa wakiyajua kwa moyo. Tatizo huanza pale wanapoyapanga yote katika ukurasa mmoja wa hoja, kana kwamba wingi wake ndio utakaomshawishi hakimu. Mimi pia niliandika hivyo mwanzoni. Katika shauri la maji machafu yaliyokuwa yakimwagwa katika mkondo wa maji, niliegemeza hoja yangu yote kwenye kanuni ya tahadhari. Wakili aliyenilea aliniuliza swali moja tu: "Dhara hili linajulikana, au linashukiwa?"

Swali hilo ndilo ninalowaachia. Kanuni ya kuzuia madhara huhusu hatari ambayo sayansi imekwisha kuithibitisha. Mizizi yake inaonekana katika shauri la Trail Smelter kati ya Marekani na Kanada, ambapo jopo la usuluhishi liliamua mwaka 1941 kwamba dola haina haki ya kuacha ardhi yake itumiwe kwa namna inayoleta madhara makubwa ya moshi katika nchi ya jirani, endapo madhara hayo yamethibitishwa kwa ushahidi ulio wazi. Kanuni ya 21 ya Azimio la Stockholm la 1972 ikalipanua wazo hilo. Tahadhari ni jambo jingine: kanuni ya 15 ya Azimio la Rio la 1992 husema kwamba penye tishio la madhara makubwa au yasiyoweza kurekebishwa, kukosekana kwa uhakika kamili wa kisayansi kusiwe sababu ya kuahirisha hatua. Kwa hiyo, ukiikimbilia tahadhari mahali ambapo dhara linajulikana, unamkubalia mpinzani wako, bila yeye kuomba, kwamba jambo lina shaka.

Mfano tunao hapa hapa Mombasa, mtaani Owino Uhuru, ambako watu waliishi kando ya ukuta wa kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu. Sumu ya madini ya risasi katika mwili wa mtoto si jambo la kubahatisha. Imejulikana kwa miaka mingi. Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru mwaka 2020 wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufani ikaiondoa fidia hiyo mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikairejesha mwaka 2024. Hapo kanuni ya mchafuzi kulipa ilikuwa na kazi ya kweli, ingawa kwangu inauma kwamba ilifika wakati kuzuia kulikwisha kushindikana. Pesa haiitoi risasi katika damu ya mtoto.

Jambo la pili ni njia ya kuifikisha kanuni mahakamani. Azimio la Rio si mkataba, hivyo ibara ya 2(6) ya Katiba ya Kenya, inayohusu mikataba iliyoridhiwa, haikusaidii kwalo. Anza na kifungu cha 3(5) cha Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999, ambacho kimezitaja kanuni kadhaa kwa majina, zikiwamo ushirikishwaji wa umma, haki baina ya vizazi, mchafuzi kulipa na tahadhari. Kisha lete Azimio la Rio kama mwanga wa tafsiri. Soma pia ibara ya 70(3) ya Katiba, inayosema kwamba mlalamikaji halazimiki kuonyesha kuwa kuna mtu aliyepata hasara au kuumia, maana wanagenzi wengi hupoteza wiki nzima wakimtafuta mwathiriwa ambaye Katiba haimdai.

Kuhusu wajibu wa pamoja ulio tofauti, nitasema kwa ufupi: huo ni mgawanyo wa mizigo kati ya dola, yaani zote zina wajibu lakini si kwa uzito sawa. Usiutumie dhidi ya kiwanda cha Changamwe.

Ushirikishwaji wa umma, kwa upande wake, msiuone kuwa jambo la mwisho wa orodha. Leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa Lamu ilifutwa na Baraza la Kitaifa la Kuamua Migogoro ya Mazingira (National Environment Tribunal) mwezi Juni 2019, na kutowashirikisha wananchi ipasavyo kulikuwa kiini cha uamuzi huo. Kwa hiyo mnapopewa ripoti ya tathmini ya athari, anzeni na orodha za mahudhurio ya mikutano na lugha iliyotumika humo, kisha nendeni mkawaulize wavuvi na akina mama wa mtaa husika kama kweli walikuwapo.